Dirisha lichague, makro ifungue: kugeuza hati nyingi za Word kwa pamoja

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina duka dogo la kupiga chapa na kuprinti hapa Langoni, Lamu. Wazee wetu wamerekodi masimulizi ya Matondoni, Siyu, Faza na Shela, na mimi ndiye ninayeyaandika kwenye Word. Sasa hati zimepita mia mbili na wanazitaka zote kwa PDF. Niliandika makro (msururu wa amri unaojiendesha ndani ya Word), nikaiita FileOpen, ya kufungua dirisha la kuchagua faili kwa Dialogs(wdDialogFileOpen). Nikitumia .Show inanifungulia hati badala ya kunipa majina, nikitumia .Display napata jina bila folda. Nikajaribu GetOpenFilename, Word ikasema haiijui. Nikahamia kwa Dir, amri ya kuorodhesha faili za folda, ikaenda vizuri mpaka ilipofika kwenye hati ambazo mzee mmoja amezipa majina kwa herufi za Kiarabu. Majina yakawa ?????.docx na makro ikasimama. Je, Word haina dirisha la kuchagua faili linaloweza kazi hii?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kazi. Dirisha lipo, na kazi yako inawezekana bila kununua programu yoyote. Umekutana na vikwazo vinne, lakini viwili vya mwanzo vina mzizi mmoja: unalitwika dirisha mizigo miwili, wa kuchagua na wa kufungua. Litue mmoja. Dirisha likwambie tu mtu kachagua nini, basi. Kufungua, kugeuza, kuhifadhi na kufunga vibaki mikononi mwa makro yako. Kikwazo cha nne, cha herufi za Kiarabu, kina mambo yake, na ndicho nitakachokaa nacho zaidi kwa sababu watu wengi wa pwani hii watakutana nacho.

Kwanza nikueleze kwa nini ulichojaribu kilikataa, usije ukadhani ulikosea kuandika.

Dialogs ni mkusanyiko wa madirisha ya Word yenyewe, yale yale unayoyaona ukitumia menyu. Kila dirisha limefungwa pamoja na amri yake. Ukiandika .Show, Word inaonyesha dirisha kisha inatekeleza amri, ndiyo maana hati inafunguka mbele yako. Ukiandika .Display, inaonyesha bila kutekeleza, inakurudishia -1 mtu akikubali na 0 akighairi, halafu unasoma .Name. Hapo ndipo jina linapokuja limekatwa folda, na likiwa na nafasi ndani yake, kama "Siyu 4 - kazi ya ngozi.docx", mara nyingi linakuja na alama za kunukuu juu yake. Mafundi wa zamani waliliunga jina hilo kwa WordBasic.FileNameInfo$, na bado inafanya kazi kwa faili moja. Kwa faili mia mbili, achana nayo.

GetOpenFilename ni ya Excel. Mtandaoni mifano ya Excel ni mingi kuliko ya Word, na mtu akinakili hatambui amevuka mpaka.

Kinachokufaa ni Application.FileDialog. Kiliingia na Office XP mwaka 2001, kwa hiyo kompyuta yoyote ya Windows utakayoikuta dukani kwako leo inacho. Kina sura nne: ya kufungua, ya kuhifadhi, ya kuchagua faili na ya kuchagua folda. Unayoitaka ni ile ya kuchagua faili, msoFileDialogFilePicker, kwa sababu haifungui kitu. Inakupa orodha ya njia kamili, kuanzia herufi ya diski hadi kiambishi cha mwisho, na inakubali faili nyingi kwa mkupuo mmoja.

Bonyeza Alt+F11, weka moduli mpya, andika hivi:

```
Function ChaguaFaili(ByVal kichwa As String, _
                     ByVal folda As String) As Collection
    Dim orodha As New Collection
    Dim i As Long

    If Right$(folda, 1) <> "\" Then folda = folda & "\"

    With Application.FileDialog(msoFileDialogFilePicker)
        .Title = kichwa
        .AllowMultiSelect = True
        .InitialFileName = folda
        .Filters.Clear
        .Filters.Add "Hati za Word", "*.docx; *.doc"
        .FilterIndex = 1
        If .Show = -1 Then
            For i = 1 To .SelectedItems.Count
                orodha.Add CStr(.SelectedItems(i))
            Next i
        End If
    End With

    Set ChaguaFaili = orodha
End Function
```

Mstari wa mkwaju wa nyuma (\), ule unaoanza na If Right$, usiufute. Ukiandika .InitialFileName = "D:\Masimulizi\Matondoni" bila mkwaju mwishoni, Word inaelewa kwamba folda ni Masimulizi na Matondoni ni jina la faili. Dirisha linafunguka folda moja juu, na neno Matondoni limekaa kwenye kisanduku cha jina. Mtumiaji anashangaa, wewe unatafuta kosa mahali pasipo na kosa. Nimewaona wanafunzi wangu hapa Malindi wakipoteza asubuhi nzima kwa mkwaju mmoja.

Hapo hapo kwenye InitialFileName kuna faida ambayo wengi hawaijui: sehemu ya jina inakubali nyota. Ukiandika "D:\Masimulizi\Siyu*.docx" dirisha litakuonyesha za Siyu peke yake. Nyota iwe kwenye jina tu, si kwenye folda, na maandishi yote yasizidi herufi 256, yakizidi makro inatoa kosa.

Filters.Clear nayo ina sababu yake. Word nzima ina FileDialog moja tu. Hata ukiiita mara kumi kwenye makro kumi, unaitiwa ile ile, na inakumbuka ulichoiwekea mara ya mwisho. Makro ya asubuhi ikiweka kichujio cha picha na ya mchana isifute, ya mchana itabeba kichujio cha asubuhi. Kwa hiyo kila mara weka upya kila kitu unachokitegemea: kichwa, vichujio, kuchagua nyingi au moja. Usiache hata kimoja kwa kudhani kipo sawa.

Na mtu akighairi, orodha inarudi tupu. Haina kosa, haina ujumbe. Anayeiita function hii ndiye anayeangalia kama Count ni sifuri.

Kuhusu mpangilio, usiuamini. Faili zinazorudi kwenye SelectedItems hazina ahadi ya kufuata mpangilio uliouona kwenye dirisha. Kwa PDF moja moja haidhuru. Lakini wazee wakikuambia uziunganishe ziwe kitabu kimoja, lazima uzipange mwenyewe, na hapo utakutana na jingine: ukipanga kwa kulinganisha maandishi, "Matondoni 10" inatangulia "Matondoni 2", maana 1 iko kabla ya 2. Windows yenyewe inazionyesha kwa hesabu, VBA, yaani lugha ya kuandikia makro, haifanyi hivyo. Dawa rahisi ni kuzipa majina yenye sifuri tangu mwanzo, 01, 02, 03, na kwa hati zaidi ya mia, 001. Ukiwa bado hujazisambaza, nakushauri uzibadilishe majina leo.

Sasa herufi za Kiarabu.

Mzee wako hakukosea hata kidogo. Kiswahili cha Lamu na Pate kimeandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuleta kompyuta, na ana haki ya kuipa hati yake jina kwa mwandiko alioandikia barua maisha yake yote. Usimwambie abadilishe majina. Wenye upungufu ni vyombo vya zamani vya VBA.

Upungufu wenyewe uko hivi. Ndani ya kumbukumbu, VBA inashika maandishi kwa Yunikodi, mfumo wenye herufi za lugha zote, kwa hiyo herufi ya lam au mim inakaa salama. Lakini amri zake za zamani za faili, yaani Dir, Kill, FileCopy, FileLen na Open ya maandishi, zinapozungumza na Windows zinapita kwenye jedwali dogo la herufi, lile la lugha iliyochaguliwa kwa programu za kizamani. Kompyuta nyingi za huku zimewekwa Kiingereza, na jedwali la Kiingereza halina lam wala mim. Herufi isiyokuwemo inabadilishwa kuwa alama ya kuuliza. Dir inakuletea "?????.docx", unaipa Documents.Open, na Word haiwezi kuipata kwa sababu Windows hairuhusu alama ya kuuliza kwenye jina la faili. Hapo jina limeshapotea, huwezi kulirudisha kwa ujanja wowote.

FileDialog haipiti njia hiyo. Njia inayotoka kwenye SelectedItems inakuja na herufi zake zote, na Documents.Open inazipokea. Ukitumia function niliyoiandika juu, hati za mzee zitafunguka kama nyingine.

Lakini jihadhari na jambo moja litakalokudanganya. Ukijaribu kuhakikisha kwa MsgBox au Debug.Print, bado utaona alama za kuuliza, na utadhani hakuna kilichobadilika. Hivyo viwili navyo vinapita kwenye jedwali lile dogo wakati wa kuonyesha. Jina ndani ni zima, kioo ndicho kibovu. Njia ya kuona ukweli ni kuliandika jina kwenye hati ya Word:

```
Sub OnaJinaHalisi()
    Dim faili As Collection
    Set faili = ChaguaFaili("Chagua hati moja", _
        Options.DefaultFilePath(wdDocumentsPath))
    If faili.Count = 0 Then Exit Sub
    Documents.Add.Content.InsertAfter faili(1)
End Sub
```

Fungua, chagua hati yenye jina la Kiarabu, na hati mpya itatokea ikiwa na njia kamili, herufi zote mahali pake. Huenda vipande vya njia vikaonekana vimepishana kidogo kwa sababu Kiarabu kinakwenda kulia kwenda kushoto na herufi za diski zinakwenda kinyume chake. Ni mwonekano tu.

Kioja kingine cha aina hiyo hiyo: kihariri cha VBA hakikubali uandike Kiarabu ndani ya msimbo kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza. Ukibandika neno, linageuka alama za kuuliza pale pale. Kama kuna folda ambayo mzee ameiita لامو na ni lazima uitaje kwenye msimbo, unaijenga herufi moja moja kwa namba zake:

```
jina = ChrW(1604) & ChrW(1575) & ChrW(1605) & ChrW(1608)
```

Lam, alif, mim, wau. Mimi huifanya pale tu ninapolazimika. Mara nyingi ni afadhali kumwacha mtumiaji aichague folda kwa dirisha, maana dirisha halina shida na herufi yoyote.

Kuna watakaokuambia ubadilishe lugha ya programu za kizamani kwenye Windows iwe Kiarabu. Inafanya kazi kwa Dir, lakini inabadilisha tabia ya kompyuta nzima, na siku utakapopeleka makro kwa mwenzio wa Mkomani itakufa kwake. Tumia Scripting.FileSystemObject, chombo cha Windows cha kushughulikia faili, badala yake popote ambapo ungetumia Dir au FileCopy. Hicho kinasoma herufi zote.

Sasa makro yenyewe ya kugeuza:

```
Sub GeuzaKuwaPDF()
    Dim faili As Collection, njia As Variant
    Dim hati As Document, fso As Object
    Dim lengo As String, pdf As String, zilizorukwa As String

    Set faili = ChaguaFaili("Chagua hati za kugeuza", _
        Options.DefaultFilePath(wdDocumentsPath))
    If faili.Count = 0 Then Exit Sub

    With Application.FileDialog(msoFileDialogFolderPicker)
        .Title = "Chagua folda ya kuwekea PDF"
        If .Show <> -1 Then Exit Sub
        lengo = .SelectedItems(1)
    End With

    Set fso = CreateObject("Scripting.FileSystemObject")

    For Each njia In faili
        pdf = fso.BuildPath(lengo, fso.GetBaseName(njia) & ".pdf")
        If IkoWazi(fso.GetFileName(njia)) Or fso.FileExists(pdf) Then
            zilizorukwa = zilizorukwa & njia & vbCr
        Else
            Set hati = Documents.Open(FileName:=CStr(njia), _
                ConfirmConversions:=False, ReadOnly:=True, _
                AddToRecentFiles:=False, Visible:=False)
            hati.ExportAsFixedFormat OutputFileName:=pdf, _
                ExportFormat:=wdExportFormatPDF
            hati.Close SaveChanges:=wdDoNotSaveChanges
        End If
    Next njia

    If zilizorukwa <> "" Then
        Documents.Add.Content.InsertAfter "Zilizorukwa:" & vbCr & zilizorukwa
    End If
End Sub

Function IkoWazi(ByVal jina As String) As Boolean
    Dim d As Document
    For Each d In Documents
        If StrComp(d.Name, jina, vbTextCompare) = 0 Then
            IkoWazi = True
            Exit Function
        End If
    Next d
End Function
```

IkoWazi nakuomba usiiondoe hata ukiona inakuchelewesha. Ukiiambia Documents.Open ifungue hati ambayo tayari iko wazi, haifungui nyingine. Inakupa ile ile iliyo wazi. Kisha mstari wa hati.Close unaifunga bila kuhifadhi. Miaka iliyopita nilikuwa nikisahihisha hati ndefu ya watu walioniamini, nikaendesha makro ya namna hii kwenye folda nzima bila kukumbuka kwamba hati ile bado iko wazi. Masahihisho ya tangu asubuhi yakaondoka mbele ya macho yangu, hakuna onyo, hakuna swali. Nikakaa usiku kuyarudia kutoka kwenye karatasi. Tangu siku ile sijaandika makro inayofunga hati bila kwanza kuuliza kama ni yeye aliyeifungua.

Nimelinganisha jina la faili peke yake, si njia nzima, kwa makusudi. Hati iliyoko kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inaweza kujitambulisha kwa anwani ya https badala ya herufi ya diski, na ukilinganisha njia nzima hazitafanana kamwe. Kwa jina peke yake, baya litakaloweza kutokea ni kurukwa kwa hati moja isiyo na hatia, na itaonekana kwenye orodha.

FileExists nayo inakulinda na jambo ambalo kwa mradi wako naliona linakuja. Ukiwa na "Faza 07.doc" ya zamani na "Faza 07.docx" uliyoisahihisha, zote mbili zinazaa "Faza 07.pdf", na ya pili ingeifuta ya kwanza kimya kimya. Sasa ya pili inarukwa na unaambiwa. Maana yake pia ni kwamba ukitaka kurudia kazi yote upya, ufute kwanza PDF za zamani au uchague folda tupu.

Visible:=False inaharakisha kazi na kukuondolea madirisha yanayomweka mweka, ila ina deni lake: stima ikikatika au kosa likitokea katikati, hati inabaki wazi mahali usipoiona. Ukishuku hivyo, funga Word yote na uifungue tena. Na kama hati imefungwa kwa nywila, makro itasimama ikuulize, kwa hiyo hizo zitenge kabla.

Huenda ukaona kuchagua faili mia mbili kwa mkono ni kazi. Ndani ya folda moja, Ctrl+A inatosha. Tatizo linakuja masimulizi yakiwa kwenye folda nne, moja ya Matondoni, moja ya Siyu na kadhalika, kwa sababu dirisha la faili linachagua kutoka folda moja kwa wakati. Unaweza kuiendesha makro mara nne. Ama unachagua folda mama kwa msoFileDialogFolderPicker kisha unazipitia kwa FileSystemObject, folda kwa folda. Ukichukua njia hiyo, kumbuka mambo mawili. Dirisha la folda halionyeshi faili zilizomo, na mtu asiyelizoea akiona folda tupu anaingiwa na hofu kwamba hati zake zimefutwa, mwandikie kwenye .Title maneno kama "Hati hazionekani hapa, chagua folda tu". Pili, FileSystemObject inakuletea hata faili zilizofichwa, zikiwemo zile zinazoanza na ~$ ambazo Word huziunda hati ikiwa wazi. Si hati za kweli. Ziruke kwa If Left$(jina, 2) = "~$".

Yapo ambayo FileDialog haiwezi, na ni bora uyajue mapema usiyahangaikie. Huwezi kuongeza kisanduku chako cha kuweka tiki ndani yake, kama "weka nembo ya wazee kwenye kila ukurasa". Maswali ya namna hiyo yaulize kwa fomu yako ndogo kabla ya kufungua dirisha. Huwezi kumzuia mtu asitoke kwenye folda uliyomfungulia. Ataweza kutembea hadi kwenye flashi yake, kwa hiyo kama ni lazima hati zitoke D:\Masimulizi, zikague njia baada ya kuchagua na uikatae isiyoanza hivyo. Na kwenye dirisha la kuhifadhi na la folda, vichujio havibadiliki, ukijaribu Filters.Clear huko utapata kosa.

Ukitaka dirisha lianzie kwenye folda ya kazi yako badala ya Documents, weka njia hiyo mahali nilipoweka Options.DefaultFilePath. ChDir haisaidii, Word haiifuati. Kwa madirisha ya Word yenyewe amri ni ChangeFileOpenDirectory. Kwa flashi usiandike herufi ya diski kwenye msimbo, leo ni E kesho ni F.

Jina la makro pia. Umeniandikia kwamba makro yako ya kwanza uliiita FileOpen. Ibadilishe. Jina hilo ni la amri ya Word yenyewe, na makro yenye jina hilo kwenye kiolezo cha Normal, ambacho Word huanzia hati mpya, inaichukua nafasi ya amri: ukibonyeza Ctrl+F12 kufungua barua ya mteja, inaanza makro yako. Majina ya Kiswahili yanakuepusha na ajali hiyo, ndiyo sababu nyingine ninayoyapenda.

Mwisho, kama utamtumia mwenzio kiolezo chenye makro hizi kwa barua pepe au akikishusha mtandaoni, Word ya siku hizi itaizuia isifanye kazi. Tangu 2022 Microsoft inazuia makro za faili zilizotoka mtandaoni hadi mtu mwenyewe aziruhusu. Abofye faili kwa kitufe cha kulia, afungue Properties, aweke tiki kwenye Unblock, kisha OK. Afanye hivyo kwa faili aliyoipokea kutoka kwako tu, si kwa kila kinachomjia.

Usianze na mia mbili. Tengeneza folda ya majaribio yenye nakala tano: hati moja ya kawaida, moja yenye jina la Kiarabu, moja ambayo umeiacha wazi kwenye Word ukaongeza neno bila kuhifadhi, na moja pamoja na ndugu yake wa .doc. Endesha makro. Unatakiwa upate PDF tatu, ya Kiarabu ikiwemo, na orodha ya mbili zilizorukwa, na lile neno ulilolianza liwe bado linakungoja kwenye hati iliyo wazi. Likiwa halipo, niandikie kabla hujagusa masimulizi ya wazee.